Ajali, Pombe na Bima: Kunyamaza Kunamlinda Nani?

Ndugu wafanyakazi, katika viwanda vyetu na mashamba ya miwa na chai hapa Uganda wapo wenzetu wenye pikapu au pikipiki ya kutafutia riziki baada ya zamu. Wapo pia madereva wa malori ya tajiri. Mmoja wao akipata ajali, polisi wakampima na kumfungulia shtaka la kuendesha akiwa amelewa, shauri analopewa mtaani ni moja tu: nyamaza, watu wa bima wasijue.

Sisi tunasema shauri hilo ni baya. Hatumtetei mlevi, ajibu mbele ya hakimu. Lakini anayeumizwa na ukimya huo mara nyingi ni mfanyakazi mwingine, yule aliyegongwa alfajiri akitembea kando ya barabara kwenda kazini.

Kwanza, kampuni itajua. Madai ya fidia huambatana na ripoti ya polisi, na polisi wanajua shtaka walilofungua. Pili, karibu kila mkataba wa bima una sharti la kutoa taarifa ya ajali upesi na kwa maandishi, pamoja na taarifa ya kesi yoyote inayotokana nayo. Ukilivunja sharti hilo umeipa kampuni sababu ya kukataa kulipa, na kampuni hizi, tuseme ukweli, hazikuanzishwa kwa kutuhurumia.

Wengine wanaogopa kwamba kutaja shtaka ni kukiri kosa. Si hivyo. Katiba ya 1995, kifungu cha 28, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Basi andika yaliyotokea: siku, saa, mahali, namba ya gari, walioumia, kituo cha polisi, na shtaka ulilosomewa. Usiandike "kosa ni langu," wala usimwahidi majeruhi fedha kwa niaba ya kampuni. Mikataba mingi inakataza. Ulikunywa waragi kiasi gani, hilo ni la kumwambia wakili wako kwanza.

Hatutawadanganya kuhusu gari lenyewe. Mwenye bima kubwa akithibitika alikuwa amelewa, huenda asilipwe hata senti ya kutengeneza boneti. Lakini haki ya aliyegongwa ni jambo jingine kabisa. Tazama jirani zetu wa Kenya: sheria yao ya bima ya magari, Sura ya 405, haikubali kampuni imnyime aliyegongwa fidia kwa kisingizio cha hali ya mwili au akili ya dereva. Kampuni inalipa kwanza, kisha inaweza kumdai aliyekata bima. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kampuni ipewe taarifa ya kesi katika muda uliowekwa. Taarifa isipofika, mlango unafungwa, na majeruhi anabaki kumdai dereva ambaye hana kitu.

Kwetu Uganda, sheria ya 1989 ilipotungwa iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Kwa mguu uliovunjika hiyo ni fedha kidogo, na vyama vya wafanyakazi vina kila sababu ya kuipigia kelele. Sasa hiyo kidogo nayo ipotee kwa sababu mtu aliona haya kuandika barua?

Kuna jambo moja linatuudhi zaidi. Tajiri humwambia dereva wa lori anyamaze ili malipo ya bima yasipande mwakani. Siku ya kesi dereva anasimama kizimbani peke yake, na tajiri anasema hakuambiwa kitu. Kwa hiyo dereva aandike taarifa yake siku hiyo hiyo, ampelekee tajiri, adai sahihi ya kupokelewa, na nakala aikabidhi kwa katibu wa tawi. Kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya maana, ofisi ya serikali inayosimamia bima iliyopo Kampala hupokea malalamiko.

Na kama aliyeumia alikuwa kazini, mathalani mkata miwa aliyekuwa akipelekwa shambani na lori hilo, asisubiri bima ya gari peke yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamruhusu kumdai tajiri, dereva awe alikunywa au hakunywa.