Masika yamekwisha, makocha wa Dunda waangalie saa

MWEZI huu wa Juni jua la Bagamoyo linazama kama saa 12 na robo jioni. Februari lilikuwa linasubiri mpaka karibu saa 1 kasoro dakika 10. Kwa shabiki anayetazama mpira kwenye runinga, hiyo nusu saa na ushei si kitu. Kwa kijana wa Dunda anayetoka mazoezini na baiskeli isiyo na taa, ni roho yake.

Tangu Machi mpaka Mei baiskeli nyingi za mji huu hulala ndani. Njia za udongo zinakuwa tope, breki zinateleza, na mnyororo usiotiwa mafuta unaliwa na kutu chapchap, maana hewa ya bahari ina chumvi. Mvua ikikata, zote zinatoka kwa mpigo mmoja: muuza samaki na tenga lake kwenye keria, wanafunzi, fundi ujenzi anayewahi saiti. Na wachezaji wa timu za mitaani, ambao viwanja vyao ndiyo kwanza vimekauka.

Yaani barabara inajaa wakati uleule ambao jioni imefupika. Hapo ndipo makocha wengi wanapofungwa bao la kizembe. Ratiba ya mazoezi ni ileile ya kiangazi cha Januari: kuanza saa 11, kumaliza mpaka mpira usionekane. Wakitawanyika kutoka Mwanakalenge, giza limeshaingia, boda boda zinachomekea, na jamaa watatu wamepanda baiskeli moja, mshikaki, mmoja kakumbatia mfuko wa mipira.

Kocha atasema wachezaji wake wana kazi, mwingine yuko baharini, mwingine yuko gereji. Ni kweli, hawa si wa Ligi Kuu wanaolala kambini. Lakini dakika 30 zinapatikana. Wapunguze maneno ya katikati ya uwanja, ambayo kwa timu za mtaani huwa marefu kuliko mazoezi yenyewe, na filimbi ya mwisho ilie saa 12 kamili. Anayekaa mbali, wa Kaole kwa mfano, aachiwe kwanza. Huyo anarudi kusini, na upepo wa kusi unampiga kifuani njia nzima. Aliyekimbia saa nzima na nusu akikutana na kusi anapiga pedeli kichwa chini, haoni cha mbele wala cha nyuma.

Viongozi wa timu nao wasijifiche. Wanachangisha jezi, wanachangisha maji, lakini taa ya baiskeli haimo kwenye bajeti hata siku moja. Basi wangeanza na kipande cha kitu king'aacho nyuma ya kila madigadi. Mchezaji aliyevunjika mguu barabarani hasajiliwi na mtu, na hakuna refa wa kumpa penalti.

Madereva wana lao pia. Mwendo wa mwisho katika eneo la makazi ni kilomita 50 kwa saa, na Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973. Ila anayeshuka na gari kutoka Dar, kilomita zaidi ya 60, anaingia mjini bado ana kasi ya barabara kuu, kisha anampigia honi mwenye baiskeli kana kwamba kapotea njia.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa. Pale barabara zilifungwa ili waendeshaji wapite. Dunda hakuna wa kufunga barabara kwa ajili ya beki wa kushoto anayerudi kwao. Kusi itaendelea kuvuma, na vuli haifiki mpaka Oktoba, kwa hiyo jioni za namna hii bado ni nyingi, na ligi za mitaani ndiyo kwanza zinapanga makundi.