Seva Kuwa Nyumbani Hakutoshi

Kila mtandao unapoyumba hapa Kenya husikika wimbo uleule kutoka Nairobi: data zetu zirudi nyumbani, seva ziwe kwenye ardhi yetu, hapo ndipo tutakuwa huru. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa waziri uwezo wa kuagiza data za aina fulani zishughulikiwe kwenye seva zilizo nchini. Sina ugomvi na hilo. Lakini huku Shimoni, barabara inapoishia baharini, swali lenyewe lina sura nyingine: siku njia ya kwenda Nairobi ikikatika, ni kitu gani bado kitafanya kazi?

Tuanze na M-Pesa, maana hiyo kila mtu anaijua. Ilizinduliwa Machi 2007, na hadi 2015 mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Yaani mchuuzi akimlipa mvuvi hapa gatini, wamesimama hatua mbili tu, hesabu inafanywa Ulaya kisha jibu linarudi. Mwaka 2015 mitambo ikahamishiwa Kenya. Safi kabisa, nami nilifurahi kama Wakenya wengine.

Sasa njoo 2023. Tarehe 30 Juni Rais Ruto alizindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 za serikali ndani ya eCitizen. Haukupita mwezi. Wiki ya mwisho ya Julai kundi lililojiita Anonymous Sudan likaifurikisha eCitizen kwa maombi ya uongo. Viza zikakwama, ikabidi wageni wapewe wanapowasili. Tiketi za treni za mtandaoni zikakwama, tokeni za umeme zikasumbua, na M-Pesa nayo ikayumba. Waziri Eliud Owalo alisema hakuna data iliyopotea, na kwa shambulio la namna ile inaingia akilini. Halivunji kufuli. Ni kama watu elfu kumi kujazana mlangoni kwa Mpemba bila nia ya kununua hata kiberiti. Mwenye njaa hawezi kupita. Oktoba 2024 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani, wa miaka 22 na 27, ikidai ndio walioliendesha kundi hilo. Vijana wawili, rika langu!

Je, seva za M-Pesa zilikuwa nyumbani Julai ile? Ndiyo. Zilitukinga? Hapana. Kosa letu lilikuwa kuweka milango 5,000 kwenye ukuta mmoja, kisha kuziba ile ya zamani.

Najua hoja ya serikali: malipo yapite nambari moja, 222222, kwa sababu pesa taslimu zilikuwa zinavuja. Ni kweli zilikuwa zinavuja, tusidanganyane. Lakini kuzuia uvujaji na kutegemea uzi mmoja ni mambo mawili tofauti. Chukua mgeni anayetaka kwenda Kisite kuona pomboo. Ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen. Mfumo ukilala asubuhi, nahodha ana mashua, mafuta na abiria waliokwisha vaa maboya, na bahari imetulia. Maji yakianza kutoka hayamsubiri fundi wa Nairobi.

Dawa yake si ngumu, wala si mpya. Tiketi iwe msimbo wa QR wenye sahihi ya kidijitali. Mfumo mkuu unaitia sahihi kwa ufunguo wa siri. Simu ya askari mlangoni ina ufunguo wa umma, na kwa huo inahakiki kwamba tiketi ni halali bila kuuliza seva yoyote duniani. Simu inakumbuka tiketi zilizotumika, na mtandao ukirudi inapeleka orodha. Kila shilingi inaonekana kwenye hesabu. Na yule ambaye hajalipa? Wenye mashua wauziwe tiketi mapema kwa mafungu, tuseme 50 kwa mkupuo, zikae kwenye simu zao. Mjanja akitumia tiketi moja kwenye milango miwili siku hiyo hiyo, hasara ni ya tiketi moja, na jioni atajulikana. Hesabu hizi za ufunguo wa umma zimekuwapo tangu miaka ya 1970, na maktaba zake za programu ni za bure.

Tuliwahi kuelewa jambo hili. Novemba 2000 watoa huduma wa intaneti walifungua KIXP Nairobi, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani kwa ndani. Kabla yake, ujumbe kutoka kampuni moja ya Nairobi hadi jirani yake ulipaa kwenye satelaiti kilomita 36,000 juu, ukashuka ng'ambo, ukapaa tena kurudi. Telkom Kenya, yenye ukiritimba wa njia za nje wakati huo, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga kituo baada ya wiki chache tu. Kilirudi Februari 2002. Waliokipigania hawakudai kujitenga na dunia. Walitaka tu cha nyumbani kisife kwa sababu ya njia ya nje.

Na njia za nje hukatika. Februari 2012 nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS nje ya Mombasa. Nanga moja! Tarehe 12 Mei 2024 zikakatika EASSy na Seacom, na Tanzania ikaumia kuliko sisi. Kisha ikaja 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema jana yake haina nia ya kuzima intaneti. Intaneti ikayumba nchi nzima. Safaricom ikasema ni kebo mbili za baharini. Wengi hawakuamini. Kwa mtu aliye gatini tofauti ni ndogo: anayekata awe mdukuzi, nanga au mwenye serikali, tiketi yenye sahihi itasomeka.

Linalobaki gumu ni ule ufunguo wa siri. Ukiibwa, mwizi atachapa tiketi atakavyo. Kwa hiyo ubadilishwe kila mwezi, ukae ndani ya kifaa kisichoweza kuutoa, na ofisa mmoja peke yake asiweze kuutumia. Na usiachwe kwa kampuni iliyopata zabuni, hata kama seva zake ziko Nairobi. Hapo ndipo ningependa kuona kamati za bunge zikigombana.