Manahodha Wengi, Moshi Ule Ule

Wahenga walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tangu miaka ya 1970 taka za Nairobi humwagwa Dandora. Mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliwapima watoto na vijana 328 wa huko. Nusu yao damu yao ilikuwa na madini ya risasi ya kiwango cha sumu. Nani awajibike? Sheria ya Mazingira ya 1999 iliunda NEMA. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya taka. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 iliunda baraza na kumfanya Rais mwenyekiti wake. Vyeo viliongezeka, moshi haukupungua. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lifungwe katika miezi sita. Miezi sita ilipita, jaa halikufungwa.

Twadai afisi moja itajwe, ipewe fedha na tarehe, na itoe hesabu hadharani. Kifungu cha 70 cha Katiba chamruhusu raia kushtaki bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Ndugu waumini na wanaharakati, haki hiyo ni yenu, itumieni.