Mbwa Hazoei Joto, Hulikimbia

Juzi asubuhi, katika kipindi kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, msikilizaji alipiga simu akilalamikia mbwa wa jirani anayelia mchana kutwa ndani ya banda la bati. Mtangazaji akamjibu bila kusita: mbwa ni mnyama wa Afrika, jua ni lake, amelizoea. Mwenzake akadakia kwamba huruma za namna hiyo ni za Kizungu. Ukapigwa muziki, wakahamia kwenye mpira.

Mimi sijahama. Kauli hiyo naisikia kila kaskazi inapoanza, na kila mwaka inaua. Watu wazima, wenye elimu zao, wanairudia kama kwamba ni hekima ya wahenga. Si hekima. Ni uvivu wa kusogeza banda kivulini.

Binadamu akishikwa na joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana jasho hilo. Tezi zake za kumpoza ziko kwenye nyayo, na msaada wake ni mdogo mno. Anachotegemea ni kutweta. Akiwa ametulia hupumua chini ya mara 40 kwa dakika. Joto likimzidi hufika mara 300 na zaidi. Mwaka 1970 mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walionyesha kwamba mbwa anayetweta huvuta hewa zaidi kwa pua na kuitoa zaidi kwa mdomo, ikipita juu ya ngozi laini yenye unyevu. Unyevu huo ukigeuka mvuke, unaondoka na joto la mwili. Basi, mbwa asiye na maji ya kunywa hana cha kujipozea.

Tena njia hiyo hufanya kazi vizuri palipo na hewa kavu. Februari ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haina hewa kavu. Hewa imeshiba unyevu, nguo zenyewe zinakauka kwa shida, na mate ya mbwa hayageuki mvuke upesi. Kwa hiyo mbwa wa pwani, ambaye tunadai amezoea kuliko wote, ndiye anayetweta kwa faida ndogo kuliko wote.

Mnaosema amezoea, tokeni nje saa saba mchana mkamtazame mbwa koko. Yuko chini ya lori lililoegeshwa. Yuko chini ya meza ya muuza samaki, au ndani ya mtaro wenye tope, au amefukua udongo chini ya mwarobaini akalaza tumbo kwenye ubaridi. Atatoka jua likishuka. Hajazoea joto huyo, amelikimbia. Miguu yake minne na uhuru wake ndivyo vinavyomweka hai. Wako umemtia kufuli. Akimbilie wapi?

Mkitaka mnyama wa Afrika hasa, huyo hapo mbwa mwitu, mkazi wa nyika zetu tangu kale. Huwinda alfajiri na jioni, mchana hulala kivulini. Utafiti wa Rosie Woodroffe na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 kutokana na makundi ya Kenya, Botswana na Zimbabwe, uligundua kwamba siku za joto kali mbwa mwitu huwinda kwa muda mfupi zaidi, na watoto wanaolelewa vipindi vya joto hubaki hai wachache. Mbwa mwitu, mwenye pori zima la kuchagua, joto linamshinda. Mbwa aliyefungiwa kwenye bati analiweza kwa uchawi gani?

Nimeona kwa macho yangu. Katika mtaa ninaoishi, bwana mmoja alinunua Jerman shepadi, mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili, akamjengea banda la mabati matupu linalotazama magharibi. Alfajiri anafungiwa, usiku anafunguliwa alinde. Mwezi wa pili, alasiri moja, mbwa alikutwa amelala ubavu, ulimi mwekundu umevimba, mate mazito yanamtoka. Jua halijazama akafa. Wakasema kapewa sumu. Mlinzi, kijana wa watu, akafukuzwa kazi kwa kosa la bati. Hakuna aliyegusa lile paa kwa kiganja.

Na bwana huyohuyo alikuwa amekata mwembe uani kwa sababu majani yanachafua, akamwaga zege na kupanga vitofali kuanzia geti hadi mlangoni. Nusu ya mji imefanya hivyo. Tunakata miti, tunatandaza zege, tunafunga feni kila chumba, halafu tunashangaa kwamba usiku hatulali. Mji usio na kivuli cha mtu hautakuwa na kivuli cha mbwa.

Kuhusu huruma ya Kizungu: Waislamu tunasimuliwa tangu chuoni habari aliyoisimulia Mtume (S.A.W.), ya mtu aliyemkuta mbwa anatweta na kula udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Uzungu uko wapi hapo? Na anayejitetea kwamba mbwa ni najisi aache kuichezea dini. Najisi inakufundisha kuosha chombo. Haikukupa ruhusa ya kumchoma kiumbe.

Kinachotakiwa si anasa. Banda liwe kivulini, liinuliwe kutoka ardhini, lipitishe hewa pande mbili, na juu ya bati paezekwe makuti. Maji safi yawepo kutwa kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Matembezi yawe kabla ya jua kuchomoza. Lami isiyovumilika kwa kiganja chako isikanyagwe na nyayo zake. Asiachwe garini: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ndani ya saa moja gari lililofungwa huongeza joto kwa takriban nyuzi 22, na kufungua kioo kidogo hakusaidii. Mwili wa mbwa una nyuzi 38 hadi 39. Zikipita 41 viungo vinaanza kuharibika. Ukimwona anayumba, anatapika, fizi zimeiva, mtoe juani, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, usimfunike blanketi lililolowa kwani linazuia joto kutoka, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na viongozi wa mitaa wanapita mbele ya mabanda haya kila siku wakikusanya michango. Wasimame pia kwenye banda. Na wewe uliyeshika ufunguo, umemnyang'anya mbwa njia ya kulikimbia joto. Kivuli na maji ni deni lako. Kama huwezi kulilipa, usifuge mbwa.