Tuache Kusema "Alikuwa Sawa Mpaka Alipoanza Kemo"

Leo nitawakera kidogo, na sitaomba msamaha.

Kuna sentensi moja nimeisikia kwenye matanga mengi mno. "Alikuwa sawa mpaka alipoanza kemo." Jirani anaisema, shemeji anaitikia, mtu wa kamati ya mazishi anaongeza ya kwake kuhusu mama fulani wa kijiji cha pili. Kufikia jioni, nusu ya walioketi chini ya hema wameshaamua kwamba wakipatikana na saratani hawataki kuona dripu. Mtandaoni ndiyo usiseme. Weka posti yoyote kuhusu saratani uhesabu: kabla ya komenti ya tano, hiyo sentensi imefika.

Maoni yangu ni mawili. Moja, hiyo sentensi inaua watu. Mbili, hospitali zetu zinaisaidia kuua kwa kunyamaza kuhusu madhara ya dawa.

Nianze kwa kukubali jambo moja ili tusipoteze muda: ndiyo, kemo ni sumu. Hakuna haja ya kuipamba. Asili yake ni silaha. Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari kule Italia, na meli moja ya Marekani, John Harvey, ilikuwa imebeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali. Madaktari waliochunguza waathiriwa waliona chembe nyeupe za damu zimeporomoka vibaya. Tayari mwaka mmoja kabla, wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wameanza kumjaribia mgonjwa kemikali ya ukoo huohuo: kama inaua seli zinazozaana haraka, si iue pia za saratani? Kemo ya kisasa imetokea huko. Kwa hivyo anayekuambia ni sumu hajadanganya. Swali ni sumu kwa nani, kiasi gani, na kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali kutiwa mshipani.

Hapo lazima tumjue adui. Saratani tano zinazowapata Wakenya zaidi ni za titi, mlango wa kizazi, tezi dume, umio na utumbo mpana. Karibu zote ni za aina inayoitwa karsinoma, yaani saratani inayoanzia kwenye seli za ngozi, za tezi, au za utando unaofunika viungo kwa ndani. Zile seli ni kama askari wa geti. Moshi, pombe, virusi, chakula cha moto, yote hukutana nazo kwanza. Zinakufa na kubadilishwa kila siku, na kila badiliko ni kunakili upya maelekezo ya seli. Ukinakili kitabu mara milioni, kuna makosa utafanya. Mengi mwili huyarekebisha, au huiamuru seli mbovu ijiue. Karsinoma ni seli ambayo imekusanya makosa mpaka haisikii tena amri hiyo.

Mwanzoni inakaa palepale juu ya utando. Hapo daktari anaweza kuikata na mambo yakaisha. Siku ikipenya utando na kufikia mishipa ya damu na ya limfu, hadithi inabadilika. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alichambua rekodi za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi akaona haisambai ovyo ovyo. Inapenda viungo fulani kuliko vingine. Akasema ni mambo ya mbegu na udongo: mbegu hupeperuka kila upande, lakini huota pale udongo unapoikubali. Sisi watu wa shamba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana unasikia, "Walitoa uvimbe wote, mbona umerudi?" Kisu kilitoa mmea. Mbegu zilikuwa zimeshatoka. Kemo hupewa kwa sababu inapita kwenye damu, njia ileile mbegu zilipita. Bahati mbaya haina macho. Inagonga kila seli inayozaana haraka, na nywele, utando wa mdomo, utumbo na uboho vyote vinazaana haraka. Kwa hivyo nywele zinaanguka, vidonda vinatoka mdomoni, tumbo linachafuka, damu inashuka. Wala si pepo, wala si kwamba dawa imekataa mwili. Ni dawa ikifanya kazi yake bila kuchagua vizuri.

Sasa, "alikuwa sawa." Hebu tuwe wakweli. Alikuwa na uvimbe mwaka mzima akiupaka mafuta ya maombi. Alikuwa anameza ugali kwa maji. Alikuwa anavuja damu miaka kumi baada ya hedhi kukoma akasema ni uchovu. Wizara ya Afya imerudia kwa miaka kwamba wagonjwa wengi hapa kwetu hugunduliwa saratani ikiwa imefika hatua ya tatu au ya nne. Mtu anakutana na kemo mwisho wa safari, anafariki, na sisi tunalaumu kitu cha mwisho tulichoona. Ni kama kusema zimamoto ndio huchoma nyumba, kwa sababu kila nyumba ikiungua gari lao liko hapo. Na mnajua vile gari la zimamoto huku kwetu hufika: kuta zimebaki nne, na maji hakuna.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake Kenya kati ya saratani zote. Mwaka 1999, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatumia madaktari tangazo la dharura baada ya majaribio matano makubwa: kuongeza dawa ya sisiplatini juu ya mionzi kulipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 30 hadi 50. Ni dawa hiyohiyo inayotapisha na kusumbua figo. Anayemwambia mama aikimbie ajue anamwambia akimbie nini.

Na kuna wale wanaoanza kisha wanaacha katikati. Watafiti wa Milan, Italia, waliwafuatilia kwa miaka 20 wanawake 386 wenye saratani ya titi iliyokuwa imefika kwenye tezi za kwapani. Baadhi walipewa kemo baada ya upasuaji, wengine upasuaji tu. Kwa jumla kemo iliwasaidia. Lakini walipogawanya waliopata dawa, walionufaika zaidi ni waliopokea angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa. Waliopata chini ya asilimia 65 walikuwa karibu sawa na wale ambao hawakupewa kabisa. Fikiria hapo: umetapika, nywele zimeenda, mbuzi wameuzwa, na faida hukuipata kwa sababu uliachia njiani.

Mbona watu huachia njiani? Pesa, kweli. Safari, kweli, hata kama sasa Nakuru, Mombasa na Garissa wana mashine za mionzi na si kila mtu lazima aje Nairobi. Lakini wengi huachia kwa sababu waliumia na hakuna aliyewauliza.

Mama yangu mdogo ni fundi wa nguo. Alipokuwa anatibiwa titi alipewa dawa ya paklitakseli kila wiki. Wiki ya tatu vidole vikaanza ganzi. Wiki ya tano hawezi kuhisi sindano, anajidunga bila kujua. Fundi wa nguo! Kila wiki anaenda kliniki, anapimwa uzito na damu, anawekewa dripu, anaambiwa, "Mama, wiki ijayo." Hakusema kitu kwa sababu aliogopa wataona anasumbua. Nyumbani alikuwa ameshaamua haendi tena. Wiki ya saba, muuguzi mmoja kijana akamwuliza, "Mama, unaweza kufunga vifungo vya blauzi?" Swali moja tu. Dozi ikapunguzwa kidogo, akamaliza. Ganzi haijaisha yote, upindo wa mkono sasa anampa msaidizi, lakini cherehani inanguruma. Nashukuru huyo muuguzi. Lakini pia nina hasira na hizo wiki nne za kimya.

Hapo kwenye kimya ndipo muuza unga anaingia. Nimetumiwa ujumbe mara kadhaa nitangaze unga wa mti fulani "unaomaliza saratani bila madhara." Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Na sisemi hivyo kwa sababu nadharau miti. Hiyo paklitakseli imetokana na ganda la mti, mti wa porini kule pwani ya magharibi ya Marekani. Tofauti ni kwamba waliutafiti, wakapima dozi, wakaandika madhara yote bila kuficha, na ilipofika 1992 ndipo ikaidhinishwa. Mwenye unga wako ameandika nini? Namba ya M-Pesa.

Sasa sikiliza hili. Kule New York, watafiti waliwachukua wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa, wote wakiwa kwenye kemo. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Lingine likawa linajibu maswali mafupi kwenye kompyuta kuhusu dalili 12: kutapika, maumivu, ganzi, kukosa pumzi na kadhalika. Dalili ikizidi, muuguzi anapata ujumbe. Hakukuwa na dawa mpya yoyote. Matokeo yalichapishwa 2017: kundi lililoulizwa liliishi miezi 31 kwa wastani wa kati, lililohudumiwa kawaida miezi 26. Miezi mitano, kwa kuuliza tu. Kuna dawa za bei ya kutisha ambazo zingejivunia hiyo.

Usiniambie hiyo ni ya Wazungu wenye kompyuta. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye simu na mikoba ya vifaa. Wanajua nani mjamzito na nani hajachanja mtoto. Wafundishwe maswali matano ya mgonjwa wa kemo: Unakula? Unatapika? Una joto? Vidole vina ganzi? Unalala? Wapewe namba ya kliniki inayoshikwa na mtu, si inayoita mpaka ikate. Hilo ndilo ningependa tulipigie kelele, badala ya kugombana kwenye komenti kuhusu mastafeli.

Simaanishi kila mtu lazima apewe kemo. Kuna mwili usioiweza, na kuna hatua ambayo daktari mwaminifu atakuambia itakupa wiki chache na mateso mengi. Kukataa baada ya kuelezwa ni haki yako, na huduma ya kutuliza maumivu ni tiba kamili. Lakini mwenye kukataa awe ameelezwa, na kwa lugha anayoielewa, asipewe karatasi ya Kiingereza aweke sahihi akiwa foleni.

Kwa hivyo, kama una mtu wako anatibiwa, nunua kipimajoto. Ikifika nyuzi 38 usingoje asubuhi, chembe zake za kinga huenda zimeshuka na huyo ni mgonjwa wa dharura. Andika dalili kwenye simu, msomee daktari hata kama anaangalia saa. Ondansetroni na dawa nyingine za kuzuia kutapika zipo, ziulizie.

Na ukienda matanga na ile sentensi ianze, usinyamaze kwa heshima. Uliza kwa upole: alienda hospitali lini mara ya kwanza? Na akiwa kwenye kemo, ni nani alikuwa anamwuliza anavyohisi?