Wembe wa Baba Mkwe

Mwezi huu nataka nikueleze kosa langu mwenyewe, maana huenda likakuepusha na kosa kama hilo.

Baba mkwe wangu alipofariki, mume wangu aliletewa vitu viwili: saa ya mkononi na wembe wa kukunja, ule wa kizamani unaoingia ndani ya mpini wa pembe. Umepigwa chapa ya Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Kwa wembe huo mzee alinyoa ndevu zake, na kwa wembe huo huo aliwanyoa wanawe wote vichwa.

Nilipoisikia habari hiyo ya mwisho, uuguzi ukanipanda kichwani. Bila kumwuliza mwenyewe, nikaulowesha wembe usiku kucha katika dawa ya klorini. Asubuhi nikaukuta una madoa ya kahawia tangu kwenye mpini hadi nchani. Baba watoto aliutazama, akaukunja, akautia mfukoni. Hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Aliyenitoa katika aibu ni mzee mmoja kinyozi, jirani yetu hapa Tanga. Aliuangalia wembe kwenye mwanga, akacheka: "Mwanangu, chuma hiki hakilowekwi, kinafutwa." Haya ndiyo aliyonifundisha.

KUTU HUTOKA WAPI?

Nyembe hizi ni za chuma chenye kaboni. Kaboni ndiyo inayokifanya kigumu na kushika makali, lakini chuma hicho hakistahimili unyevu kama vijiko vyetu vya mezani. Chuma, maji na hewa vikikaa pamoja, kutu huzaliwa. Chumvi na klorini huiharakisha. Ndiyo maana sisi wa pwani tunasumbuka zaidi.

KUTOA KUTU NYEPESI

1. Watoe watoto karibu. Fungua wembe, ulaze bapa juu ya ubao ili usicheze mkononi.

2. Dondoshea tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kutu. Acha kwa saa moja au zaidi ili yapenye.

3. Futa kwa kitambaa laini, ukianzia mgongo wa wembe kuelekea kwenye makali, kisha inua mkono. Usifute kurudi nyuma wala kufuata urefu wa makali, utakatwa. Geuza, fanya upande wa pili.

4. Doa likibaki, tumia msasa laini kabisa, namba 2000, uliopakwa mafuta. Sugua polepole bila kukandamiza, na usiufikishe kwenye makali yenyewe. Kama kuna maandishi ya dhahabu, yapitie mbali, kwani hufutika upesi.

5. Malizia kwa kitambaa safi chenye spiriti, kausha, kisha paka mafuta membamba.

Usitumie siki wala ndimu, maana asidi hula chuma. Na kama ukipapasa kwa ukucha, mbali na makali, unasikia vishimo, hiyo si kutu nyepesi tena. Vishimo vikifika kwenye makali, mpelekee fundi anayezijua nyembe. Usikubali auweke kwenye mashine ya kunolea mapanga, kwani joto lake huondoa ugumu wa chuma, na wembe hautashika makali tena.

KUTUNZA MAKALI

Wengi hudhani wembe ukigoma dawa yake ni kinoo. Sivyo. Kazi ya kila siku ni ya ukanda wa ngozi. Funga ncha moja ya ukanda ukutani, vuta nyingine ikaze. Laza wembe bapa, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, usiugeuze upande wa makali, la sivyo utachana ngozi. Mara 30 kwenda na kurudi kabla ya kunyoa zinatosha. Usikandamize, kwani makali hayo ni membamba mno na hupinda.

Kinoo ni cha baada ya miezi kadhaa, ukanda ukishindwa. Kiwe laini sana, si kile cha visu vya jikoni. Hapo mgongo na makali vyote hulala juu ya jiwe, na safari hii makali ndiyo yanayotangulia.

Baada ya kunyoa, suuza, kausha mpaka kwenye msumari wa mpini, uache wazi upate hewa, kisha upake mafuta kidogo. Usiuhifadhi bafuni, wala ndani ya mfuko wa ngozi wenye unyevu.

NENO LA MUUGUZI

Watu husema kutu huleta pepopunda. Kutu yenyewe haileti. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na huingia kupitia jeraha. Kinga ni chanjo na kusafisha kidonda.

Lililonishtua mimi lilikuwa jingine, na hapo sikukosea: wembe wa kuchangia. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu isipoonekana. VVU pia vinaweza kupita kwenye wembe wenye damu. Kuufuta kwa spiriti hakutoshi kuufanya wa watu wawili. Wembe mmoja, mtu mmoja.

Juzi kijana wetu ameanza kuota ndevu, na baba yake akautoa wembe wa babu amnyoe. Safari hii sikukimbilia dawa. Niliketi naye, nikamweleza kwa utulivu. Tukakubaliana kijana anunuliwe wembe wake, na huu wa babu aurithi siku yake ikifika.

Doa moja dogo limebaki karibu na mpini. Nilitaka kulisugua, mume wangu akanizuia. "Liache," akasema, "linakukumbusha kuuliza kwanza." Tukacheka wote wawili.