Vyama vya Wagonjwa Vinahitaji Sheria na Fedha Zinazolingana na Ukubwa Wao

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa kuwa takriban watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Misingi ya matunzo yao inajulikana: penisilini ya kila siku katika miaka mitano ya mwanzo, chanjo, kinga dhidi ya malaria, na haidroksiyurea kwa wanaoihitaji. Daktari huweza kuyaandika yote hayo kwa dakika chache. Utekelezaji wake, hata hivyo, huchukua miaka na hufanyika mbali na hospitali. Mama anayemkumbusha mwenzake tarehe ya kliniki, au baba anayemweleza mwalimu kwa nini mwanawe anahitaji kunywa maji mara kwa mara, hufanya kazi ambayo hospitali haina watumishi wa kutosha kuifanya.

Kazi ya namna hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda, na mwaka 1989 WAMATA ikaanzishwa Dar es Salaam. Wakati huo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazikuwa zikipatikana kwa wagonjwa wa kawaida wa kanda hii. Kilichowezekana kilikuwa ushauri nasaha, matunzo ya nyumbani na kuondoleana aibu. Dawa zilipofika miaka mingi baadaye, ziliwakuta watu waliokwisha kuzoea kufuatana, kuulizana hali na kusaidiana.

Kwa kuwa vyama vya wagonjwa ni sehemu ya tiba, mazingira yao ya kisheria na kifedha ni suala la afya, wala si la wanasheria na wahasibu peke yao. Kasoro kubwa ya mazingira hayo kwa sasa ni kutolingana: chama kidogo cha wilayani hubebeshwa wajibu uliobuniwa kwa shirika kubwa, huku njia za kupata fedha za ndani zikiwa finyu.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002 ilifanya jambo jema kwa kuvitambua vikundi vya kijamii na kuruhusu usajili katika ngazi ya wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Lakini sheria hiyo hulitaka shirika kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi huru. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza sharti la kuwasilisha serikalini mikataba ya ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ndani ya siku 10 baada ya kutiwa saini. Mabadiliko ya mwaka 2019 nayo yaliyataka mashirika yaliyokuwa yamesajiliwa chini ya sheria ya makampuni yahamie katika rejista ya mashirika yasiyo ya kiserikali.

Kila sharti, likitazamwa peke yake, lina sababu inayoeleweka. Tatizo huonekana pale masharti yanapokutana juu ya chama kimoja. Chukulia wazazi 20 wa watoto wenye selimundu ambao huchangishana ili kumlipia nauli ya kliniki mwenzao asiye na uwezo. Mweka hazina wao ni mshonaji nguo, na ofisi yao ni benchi la kliniki siku ya Alhamisi. Ada ya mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa inaweza kuwa kubwa kuliko michango yao ya mwaka mzima. Mbele yao kuna njia mbili: kubaki bila usajili, na hivyo kukosa uhalali wa kupokea msaada wowote, au kusajiliwa na kutumia nauli za watoto kulipia ukaguzi. Hakuna hata moja inayomsaidia mtoto.

Wapo watakaosema kuwa kulegeza masharti ni kufungua mlango kwa mashirika hewa na utakatishaji wa fedha haramu. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Wagonjwa ndio wa kwanza kuumia pale jina lao linapotumiwa kuombea fedha zisizowafikia. Tanzania yenyewe iliwekwa katika orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia mapambano dhidi ya utakatishaji wa fedha, Oktoba 2022, na ikaondolewa Juni 2025. Hata hivyo chombo hicho hicho, kilipopitia upya pendekezo lake kuhusu mashirika yasiyo ya faida Novemba 2023, kilisisitiza kuwa udhibiti uendane na kiwango cha hatari na usivuruge kazi halali. Kumkagua kila mmoja kwa uzito uleule ni kupoteza nguvu za msimamizi ambaye angepaswa kuwatazama wachache wenye fedha nyingi na vyanzo visivyoeleweka.

Marekebisho yanayohitajika hapa si makubwa. Chama chenye mapato chini ya kiwango kitakachowekwa kiruhusiwe kuwasilisha taarifa fupi ya mapato na matumizi, ihakikiwe na mkaguzi wa ndani wa halmashauri bila malipo, na ibandikwe mahali ambapo wanachama wataiona. Ukaguzi kamili wa hesabu ubaki kwa mashirika makubwa. Aidha, suala la kodi liunganishwe na usajili. Kwa sasa, kusajiliwa peke yake hakulifanyi shirika litambuliwe kuwa la hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Hadhi hiyo huombwa upya kwa Mamlaka ya Mapato. Ombi moja lingetosha kushughulikiwa na ofisi zote mbili. Sheria hiyo pia humruhusu mfanyabiashara kupunguza katika hesabu ya kodi mchango alioutoa kwa taasisi ya hisani, mradi usizidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Chama kisicho na hadhi hiyo hakiwezi kumvutia mchangiaji kwa nafuu hiyo.

Upande wa fedha, somo la mwaka 2025 bado halijasahaulika. Tarehe 20 Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya. Katika nchi nyingi za Afrika, waelimisha rika na wafuatiliaji wa wagonjwa waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walijikuta bila kazi ndani ya siku chache. Vidonge vinaweza kuwapo kwenye rafu, lakini asipokuwapo mtu wa kumfuata mgonjwa aliyekosa kliniki, havimfikii.

Jibu la kudumu ni kwa halmashauri na wizara kununua kazi mahususi kutoka kwa vyama vya wagonjwa kwa mikataba ya wazi: kuwafuatilia waliopotea katika matibabu, kutoa elimu shuleni, au kuwapokea wagonjwa wapya. Msingi wa kufikiri hivyo tayari upo. Sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya shughuli za uzalishaji, na ni sawa ibaki hivyo. Lakini inaonyesha kuwa fedha ya umma inaweza kukifikia kikundi kidogo kwa utaratibu unaojulikana.

Fedha ya serikali, hata hivyo, isigeuke kuwa kitambaa cha kufungia mdomo. Nchini Afrika Kusini, chama cha Treatment Action Campaign, kilichoanzishwa mwaka 1998, kiliishtaki serikali kwa kuizuia nevirapini isitolewe kwa wajawazito nje ya vituo vichache vya majaribio. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru kizuizi hicho kiondolewe. Watoto walionusurika kutokana na uamuzi huo wana deni kwa sheria iliyokiruhusu chama kupingana na mamlaka bila kufutwa. Mkataba wowote kati ya halmashauri na chama cha wagonjwa useme bayana kuwa kulipwa hakumzuii mwanachama kutamka kwamba dawa zimekwisha.

Kutunga sheria pekee nako hakutoshi. Kenya ilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma mwaka 2013, lakini haikuanza kutumika hadi Mei 2024. Kwa miaka 11 mashirika yaliendelea kuishi chini ya sheria ya mwaka 1990 ambayo Bunge lilikwisha kuamua kuibadilisha. Marekebisho yoyote yaambatane na tarehe ya kuanza na bajeti ya kuyatekeleza.

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo yanayoweza kufanyika sasa. Viongozi wa vyama vya wagonjwa wamwone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kabla ya kuchagua aina ya usajili, waweke kumbukumbu za vikao, na wahakikishe akaunti ya chama ina watia saini zaidi ya mmoja. Wahudumu wa afya, kwa upande wao, wavipe vyama chumba cha kukutania siku ya kliniki na waandike katika taarifa za kituo idadi ya wagonjwa waliorejeshwa na wanachama. Pasipo kumbukumbu hizo, halmashauri haitakuwa na sababu ya kuitengea kazi hiyo hata shilingi moja katika bajeti ya mwaka unaofuata.